Nyumba ya Wanasesere Iliyomjua Mama Yangu

Mama yangu aliiona nyumba ya wanasesere niliyoiokota kwenye makorokoro ya barabarani, akapiga magoti sakafuni, akaanza kulia kwa sauti ya mtoto mdogo.

Sitii chumvi. Mwanamke wa miaka sabini, mgonjwa, mifupa mitupu, analia kama mtoto wa chekechea aliyepotezana na mama yake sokoni.

Naitwa Kerstin. Nauza mikate hapa Zschopau, Ujerumani, na mdomo wangu mji mzima unaujua. Mimi si mtu wa machozi ya karibu. Ila niacheni niwasimulie hii, kisha mtaniambia kama ningeweza kuvumilia.

Kwanza mjue mama yangu alikuwa nani. Au niseme vizuri: mjue kwamba hatukumjua.

Mama aliokotwa. Mwaka ule jiji la Chemnitz lilipoungua, vita ya pili ya dunia ikiwa inaelekea ukingoni, mfanyakazi wa reli alimkuta kwenye benchi la stesheni yetu. Mtoto wa miaka minne hivi, peke yake, amefungwa shuka lililoungua pembeni, uso mweusi kwa masizi.

Wakamuuliza jina. Kimya.

Wakamuuliza mama yuko wapi. Kimya.

Alikaa zaidi ya mwaka mzima bila kutoa hata neno moja. Siku ulimi ulipofunguka, majina yote yalikuwa yameshafutika kichwani. Lake, la mama yake, la mtaa, yote.

Basi pale kwenye kituo cha watoto wakampa jina la nesi aliyemwogesha siku ya kwanza, Elfriede. Na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa tatu, ukoo wakamwandika März, yaani Machi.

"Nesi kanipa lake, kalenda ikanipa lingine," mama alipenda kusema. "Mimi nimeazima kuanzia kichwani mpaka unyayoni."

Alisema hivyo huku anacheka. Lakini sisi aliotuzaa tulijua kicheko kile kinatokea wapi.

Kitu pekee alichotoka nacho huko ni kipande cha lile shuka. Kona tu, ukubwa wa leso, imetariziwa herufi mbili kwa uzi mweupe: M.K. Maisha yake yote aliandikia mashirika ya kutafuta watu, akieleza habari za M.K. Maisha yake yote akajibiwa kwamba hawakumpata.

Halafu mwanzoni mwa mwaka ule tukaambiwa ana saratani ya kongosho. Daktari hakutuzungusha. Alisema tukae naye karibu, tumpe anachotaka, na tusipange mambo ya mbali.

Tulirudi nyumbani, mama akaketi jikoni, akanywa kahawa yake mpaka tone la mwisho.

"Kerstin."

"Naam, mama."

"Kwenye jiwe la kaburi langu usiandike Elfriede März."

"Mama, usianze."

"Sianzi, mwanangu. Ndiyo namaliza. Nimeishi na jina la kuazima, sitaki kuoza nalo. Kama hujapata langu, jiwe liache tupu."

Nikachukua kikombe chake nikakisuuza. Ningelitoa wapi jina ambalo watu wenye ofisi na makabati yao walilikosa maisha yake yote? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, nikapima nalo unga.

Sasa sikilizeni.

Kwetu kuna siku ya kutupa makorokoro. Watu wanatoa nje makochi yaliyochoka, makabati, magodoro, wanarundika pembeni mwa barabara, gari la halmashauri linapita kubeba. Na kabla gari halijapita, sisi wengine tunapita. Hakuna aibu hapo, hata mke wa mchungaji anapita.

Nilikuwa natoka dukani mchana. Kwenye kona, chini ya godoro lenye madoa, nikaona paa dogo la bluu.

Nikalisukuma godoro kwa mguu. Nyumba ya wanasesere! Ya zamani hasa, ya mbao, ghorofa moja, madirisha yamechorwa kwa rangi, roshani ndogo imekatika upande. Ndani tupu, hakuna kiti wala mwanasesere.

Nikawaza, Krismasi nitaiweka kwenye dirisha la duka na mikate ya tangawizi ndani, wateja watakanyagana.

Palikuwa na jamaa anachambua vyuma.

"Hii ya nani?" nikamuuliza.

"Ya gari la taka, dada, kama utaendelea kuuliza."

Nikagonga milango miwili mitatu ya pale karibu. Hakuna anayeijua. Siku kama hiyo watu wanaleta vitu hadi kutoka mitaa mingine, wanashusha na kuondoka. Nikaibeba.

Kwangu ni ghorofa ya nne, na kifua sina. Kwa mama ni chini. Nikampelekea yeye.

Alikuwa amekaa dirishani amejifunika blanketi. Nikaingia kinyumenyume, nikaiweka sakafuni.

"Mama, tazama nilichookota."

Akatazama. Blanketi likaanguka. Akashuka kwenye kiti kabla sijamwahi, akapiga magoti, akaanza kile kilio nilichowaambia.

"Ngazi," akasema. "Kerstin, ngazi haifiki."

Nikainama. Kweli, ndani kulikuwa na kijingazi kilichoanzia jikoni kikaenda kugonga dari. Hakikufika popote, kilikuwa pambo tu.

Upande wa wazi wa nyumba ulikuwa umeelekea ukutani, na yeye alikuwa hajaona ndani.

"Mama, umeiona wapi hii?"

"Juu. Kulikuwa na mashuka. Mashuka mabichi, yananidondokea shingoni. Nikafunua kitambaa, nikaikuta." Akaigeuza nyumba, akaweka kidole kwenye chumba cha juu. "Hapa kulikuwa na korongo. Korongo wa dhahabu."

Nikatazama. Hakukuwa na korongo. Kulikuwa na karatasi ya ukutani yenye maua ya waridi, imepauka.

Nikampigia kaka yangu, Uwe. Akaja na viatu vya kazini.

"Dawa hizo," akaninong'oneza mlangoni. "Morfini. Mashuka, korongo, kesho atakwambia ameona tembo."

"Na ngazi je?"

"Ngazi ameotea."

"Uwe, nina masikio bado," mama akasema kutoka chumbani. "Nenda kamtafute mtu anayejua vitu hivi, au ondoka na viatu vyako vichafu."

Mtu anayejua vitu hivi kwetu ni mzee Lothar Zschoche. Ana midoli ya kale nyumba nzima, yeye mwenyewe analala kwenye kochi kwa kukosa nafasi. Alikuja kesho yake na tochi na lenzi, akaizunguka nyumba ile, akainusa kabisa.

"Naijua hii," akasema. "Paa la bluu, madirisha ya kuchora, ngazi ya uongo. Imetoka kwenye viwanda vya huku huku milimani kwetu, kabla ya vita ya kwanza. Zilitengenezwa kwa maelfu."

"Maelfu?" nikauliza.

"Kila binti mwenye baba mwenye kazi ya maana alikuwa nayo. Samahani, mama. Ngazi kama hii wameiona wasichana wa nchi nzima."

Nilimwona mama akinywea kwenye kiti, nikamchukia mzee wa watu bure.

Kisha mama akasema taratibu, "Bandua."

"Unasemaje?"

"Bandua hayo maua. Chini yake kuna korongo."

Mzee Zschoche akakuna kidevu. "Linawezekana hilo. Kila Krismasi ikikaribia akina baba walikuwa wanabandika karatasi mpya, ili watoto waone nyumba imependeza. Hawakutoa ya zamani. Zinapandana."

Akaomba maji ya moto na kisu chembamba. Akalowanisha, akasubiri, akainua kona. Chini ya maua kulikuwa na mistari ya kijani. Akalowanisha tena, akainua.

Chini ya mistari, kitu kikang'aa.

Korongo. Wadogo wadogo, wa dhahabu, wamesimama kwa mguu mmoja kwenye karatasi ya rangi ya maziwa.

Uwe akakaa chini kwenye zulia bila kuangalia anakaa wapi.

"Basi si maelfu," mama akasema. "Ni hii."

Mzee Zschoche alisogeza lenzi. "Hii si karatasi ya ukutani hata kidogo. Hii ni karatasi ya maboksi ya soksi. Korongo wa dhahabu! Bibi yangu alikuwa anaweka vifungo kwenye boksi kama hili. Soksi za hariri za Kretzschmar, Chemnitz. Baba wa nyumba hii alibandika alichokuwa nacho kiwandani kwake."

Kretzschmar.

K.

Mama alikuwa ameshafungua droo. Akaitandaza ile kona ya shuka kwenye meza, tukaitazama wote wanne. M.K.

"Mama," Uwe akasema, sauti imemkauka. "Mama, wewe ni mtoto wa tajiri."

Jamani, furaha ile! Mama aliomba rangi ya mdomo. Mtu ambaye kwa wiki nzima alikuwa anaonja supu ya viazi na kuisukuma, alikula sahani yake yote, akaomba mkate wa kupangusia.

"Bi. Kretzschmar," Uwe akawa anamwita, anainama kama mhudumu wa hoteli. "Bi. Kretzschmar ataongeza kahawa?"

"Ataongeza, na wewe ufute viatu."

Yeyote kwetu anajua kwamba mashuka ya nyumba nzuri yalitariziwa herufi za mwenye nyumba. Shuka lina M.K., nyumba ya wanasesere ni ya Kretzschmar, mtoto anaikumbuka mpaka karatasi iliyofunikwa. Mngewaza nini nyinyi? Sisi hatukubakiza hata chembe ya shaka.

Tuliuliza huku na kule, tukaelekezwa. Binti wa Kretzschmar wa soksi alikuwa bado hai. Anaitwa Roswitha, yuko kwenye nyumba ya wazee upande wa pili wa bonde. Nikaongea na wahudumu kwa simu. Akili yake ni nzima, wakasema, na ulimi pia.

"Dada," mama akasema. Alikuwa anaionja hiyo kauli. "Nina dada."

Daktari alimkataza kusafiri. Hali ilikuwa imeshuka tena, ile sahani moja ilikuwa ya mwisho, ngozi imekuwa njano kama nta. Mama akamwambia daktari, "Nikifia njiani, nitakuwa nimefia nakwenda kwetu. Fungua mlango."

Tukamfunga mablanketi kwenye kiti cha mbele. Nyumba ya wanasesere tukaiweka nyuma na mimi, nimeikumbatia njia nzima.

Bi. Roswitha alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, nywele zimesetiwa vizuri, kidani shingoni. Alipoiona ile nyumba mikononi mwa Uwe, alishtuka.

"Ile ni yangu! Mmeitoa wapi? Mpwa wa mume wangu aliniambia ameniwekea vitu vyangu vyote stoo!"

"Stoo yenyewe ilikuwa barabarani," nikamjibu. Sikuweza kujizuia.

Mama hakusikia chochote. Alikuwa anamtazama yule bibi kichwa hadi miguu, anatafuta pua yake, anatafuta macho yake. Akanyoosha mikono.

"Dada yangu," akasema.

Bi. Roswitha akanitazama mimi, akamtazama Uwe, akamrudia mama. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa amechanganyikiwa tu.

"Mpenzi, mimi sina mdogo. Nilizaliwa peke yangu."

"Sivyo," mama akasema. "Ulikuwa mtoto, umesahau." Akachomoa ile kona ya shuka kifuani. "Tazama."

Bi. Roswitha akaishika, akapitisha kidole kwenye uzi. "Mathilde Kretzschmar. Mama yangu. Mashuka ya harusi yake."

"Mama yetu."

"Hapana, mpenzi. Hapana."

"Naikumbuka nyumba hii!" Mama alipiga kelele, na kelele ile ilimchosha mpaka akashika ubavu. "Naijua ngazi! Nawajua korongo! Ningeyajuaje kama sikuwa wa nyumba ile?"

Nikamsogelea nimshike, akanisukuma. Haki ya Mungu, nilitamani ile nyumba ningeiacha chini ya godoro lake.

Bi. Roswitha akaegemea mbele. Alianza kumuuliza polepole, bila dharau. Hilo nampa.

"Niambie unavyoikumbuka. Mti wa Krismasi ulikuwa upande gani?"

"Hakukuwa na mti."

"Mishumaa? Harufu ya keki? Baba akipiga kengele ndipo tuingie?"

"Hakukuwa na kengele. Kulikuwa na joto. Jasho, na nzi. Na mashuka yananidondokea shingoni, nikawa napita chini yake. Nikafunua kitambaa."

Yule bibi akaziba mdomo kwa mkono.

"Nini?" Uwe akauliza. "Sema, bibi."

"Mimi sijawahi kuiona nyumba hii wakati wa joto," akasema. "Hata mara moja. Inatolewa mkesha wa Krismasi, naichezea mpaka sikukuu ya Mamajusi, Januari sita, kisha baba anaichukua. Mwaka mzima inakaa darini chini ya kitambaa. Na darini mimi nilikatazwa. Darini kulikuwa kwa kuanikia nguo."

Na mimi nilijua! Kwetu sisi pia, duka dogo la mbao la kuchezea alilotuundia baba lilikuwa linatoka Krismasi na kutoweka baada ya Mamajusi. Nchi nzima ndivyo inavyofanya. Mtoto wa mwenye nyumba anaikumbuka na theluji dirishani. Mama yangu alituambia tangu siku ya kwanza, mashuka mabichi, na sisi tukasema ni dawa.

"Kiangazi alikuwa anapanda kule juu mtu mmoja," Bi. Roswitha akasema. "Mama dobi."

Akamrudishia mama ile kona ya shuka.

"Alikuwa anakuja kutufulia. Alikuwa na mtoto mdogo, anakuja naye."

Mama akapata sauti. "Jina lake nani?"

"Tulimwita Mama Dobi."

"Na mtoto?"

Niliona macho ya Bi. Roswitha yanakwenda huku na huku, yanatafuta.

"Mtoto wa Mama Dobi," akasema mwisho. Na machozi yakaanza kumtoka.

Mimi si mtu wa kunyamaza.

"Na siku jiji linaungua, Mama Dobi alikuwa wapi?"

"Kwetu. Alikuwa na nguo za kumalizia. Sisi baba alikuwa ameshatuhamishia kwa shangazi huku milimani. Sisi, na vyombo vya fedha, na..." Akaitazama nyumba ya wanasesere. "Na hii. Baba alikodi gari."

"Nyumba ya mbao ilipata gari."

"Kerstin," Uwe akasema.

"Niache! Na mlipopata habari nyumba yenu imeungua, mlimuulizia?"

Angeweza kunidanganya, na nisingejua kamwe.

"Mama aliulizia mashuka," akasema.

Nilitaka kuvunja kitu. Nilitaka kuibeba ile nyumba niitupe dirishani na paa lake la bluu. Lakini mama alikuwa anaikunja ile kona ya shuka magotini, anaifungua, anaikunja.

"Lilikuwa bichi," akasema.

"Nini, mama?"

"Shuka. Nilikuwa nasikia baridi. Kila mahali moto, na mimi nasikia baridi." Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayeamshwa. "Alinifunga shuka bichi. Alikuwa na beseni zima la mashuka mabichi."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mtoto alitoka motoni mzima, shuka limeungua pembeni tu. Yule aliyemfunga ndiye hakuonekana tena. Nani alimfikisha stesheni, mwenyewe au mpita njia, hilo hatutalijua.

Maisha yake yote mama aliamini kwamba kuna watu walimwacha kwenye benchi.

"Bibi," mama akamwambia Bi. Roswitha, kwa upole uliotushangaza. "Alikuwa ananipenda?"

"Alikuwa anakubeba kwenye kapu la nguo," yule bibi akasema. "Juu ya mashuka, ghorofa zote, mnacheka wote wawili. Mama alikuwa anakereka na kelele. Mimi nilikuwa nafungua mlango kidogo nisikilize. Nilikuwa na nyumba hii yenye paa la bluu, na nilikuwa nakuonea wivu."

Mama alifumba macho. Alitabasamu, na nilimshukuru Mungu, kisha nikasikia anachosema.

"Basi sasa nitafutie jina langu. Ulikuwa nyuma ya mlango. Lazima aliniita. Nitafutie kabla sijaenda."

"Nitalitafuta," Bi. Roswitha akasema. "Nakuapia."

Kuanzia siku ile simu yetu haikupoa.

Bi. Roswitha alipiga asubuhi, alipiga baada ya chakula. Alikuwa anawaza majina kitandani, anayaandika pembeni mwa gazeti, anapiga.

"Gudrun? Muulize kama ni Gudrun."

Namwekea mama simu sikioni. Mama analirudia chini chini, Gudrun, Gudrun, kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

"Hapana. Hilo linabana."

"Lieselotte?"

"Refu mno kwa mtoto wa dobi. Angelimaliza lini kuniita?"

Tulicheka kwanza. Kisha hatukucheka. Mama aliacha kuketi, akaacha kunywa maji, akawa anajibu kwa kichwa, na baadaye kwa kidole tu. Irmgard, kidole hapana. Traudel, hapana. Edeltraut, hapana. Simu ikilia alifungua macho, jina likimpita aliyafumba. Siwezi kuwaeleza uchungu wa kumwona mtu anafungua macho namna ile.

Nilimfokea yule bibi siku moja. "Acha kubahatisha! Kumbuka!"

"Unadhani sijaribu?" akanililia. "Nakumbuka majina ya farasi wetu wote. Nakumbuka jina la mbwa wa jirani. Yeye sikuwahi kumuuliza!"

Mama alikata roho Jumapili alfajiri, kabla ndege hawajaanza kuimba. Mimi upande huu, Uwe upande ule. Uwe akainuka kufungua dirisha, kama tunavyofanya, roho ipate njia. Tukamshika mikono, bado ya moto.

Kulikuwa kumeshapambazuka vizuri simu ilipolia.

"Nimelipata!" Alikuwa anahema. "Kerstin, nimelipata! Sikulibahatisha hili, nimelisikia! Nimeamka na sauti ya yule mama, ngazini, anaita. Mpe simu. Mpe haraka!"

Nilimtazama Uwe. Uwe alitikisa kichwa, machozi yamemjaa. Alikuwa ananiambia mwambie ukweli.

Sikumwambia.

Niliinama, nikaweka simu kwenye sikio la mama yangu, nikaishikilia vizuri isianguke.

Nikasikia kisauti cha yule bibi kizee kikitoka, chembamba, kinaita kama mtu anayeita juu ya ngazi.

"Dorle! Dorle!"

Nikasubiri. Mnielewe, nilikuwa nimeshika mkono wake, na nilijua kabisa, na bado nilisubiri kile kidole.

Kisha nikairudisha simu sikioni kwangu.

"Amesikia?" Bi. Roswitha akauliza.

"Amesikia," nikasema.

Alilia kwa furaha. Ilinibidi nisubiri mpaka jioni ndipo nimpigie tena kumwambia mengine.

Uwe hadi leo anasema yule bibi alichoka kutafuta, akaota, akaamini ndoto yake. Labda. Bi. Roswitha amefariki akiwa anaapa kwamba aliisikia. Mtu mmoja tu duniani ndiye angeweza kusema ndiyo au hapana, na alikuwa ameondoka saa chache kabla ya simu kulia.

Mchonga mawe alituuliza tunaandika nini. Tukamwambia aandike Dorle. Akauliza ukoo. Tukamwambia aandike binti wa mama dobi. Alidhani tunamtania.

Nimewasimulia haya nikiwa na ombi moja. Kuna mtu anakufulia nguo, au anakubebea taka, au anakupikia, na ana mtoto umeshamwona mara nyingi pembeni ya mlango. Muulize anaitwa nani. Muulize leo, usione haya kwamba umechelewa. Halafu lishike hilo jina, usilipoteze, kwa sababu inaweza kutokea siku moja ukawa wewe ndiye mtu pekee aliyebaki wa kulikumbuka.